Nani Ashike Bendera ya Mvungwe

Mkanda wa mashine umekatika, fundi amekwenda kutafuta mwingine, na mahindi yenu hayatajisaga yenyewe. Kaeni basi. Pangeni madebe kwenye foleni msije mkagombana baadaye, halafu mnisikilize, nina kesi ya kuwapa. Mimi imenishinda, mume wangu imemshinda, na kwa ajili yake tumeshanuniana nyumba nzima mpaka paka hajui apeleke wapi mkia. Labda nyinyi wenye akili za foleni mtaiweza.

Hapo zamani, lakini si ile zamani ya fisi kuongea na sungura, ni zamani ya juzijuzi, lami imeshafika na simu zimeshafika, palikuwa na kitongoji kikiitwa Mvungwe, chini ya milima ya Upare. Barabara kuu ilikikata katikati. Nyumba huku, shule kule. Mashamba ya tangawizi huku, zahanati kule. Ukitaka kusoma, vuka. Ukitaka sindano, vuka. Ukitaka chumvi, vuka. Na juu kidogo palikuwa na kona, na kutoka kwenye kona mteremko umenyooka moja kwa moja, magari yakishatoka pale yalikuja kama yamefukuzwa. Kila nyumba ya Mvungwe ilikuwa na mtu wa kumtaja kwa sababu ya barabara ile. Mbuzi siwataji, walikuwa wengi.

Pale Mvungwe aliishi mjane mmoja akiitwa Mama Nakiete, muuza mahindi ya kuchoma kando ya lami. Alikuwa na mtoto mmoja tu, huyo Nakiete, wa darasa la pili. Na huyo mtoto alikuwa hasikii. Hasikii kabisa, si honi, si tairi, si sauti ya mama yake akimwita. Sasa nyinyi mlio na watoto, fikirieni mtoto asiyesikia na barabara ya namna ile, kila siku ya shule, kwenda na kurudi.

Mama Nakiete hakukaa akalia. Alichukua kitambaa chekundu, kipande cha kanga yake ya harusi, akakifunga kwenye ufito. Asubuhi anasimama kando ya lami, mchana anasimama tena. Anakiinua, madereva wanasimama. Wengine wanatukana, lakini wanasimama. Nakiete na wenzake wanavuka. Anakishusha, magari yanapita. Alimfundisha mtoto kwa mikono mpaka akaelewa: kitambaa juu, vuka, kitambaa chini, kaa. Watoto wote wa Mvungwe wakashika, hata mbwa wa pale nadhani walishika. Kitambaa juu, vuka. Kitambaa chini, kaa.

Lakini mtu mmoja na ufito wake ataizuia barabara mpaka lini? Akiugua je? Akifa je? Hilo ndilo lililokuwa likimkosesha raha. Basi akasikia redioni kwamba kuna shirika linatoa ruzuku kwa vijiji vilivyokatwa na barabara, ruzuku ya kujenga matuta, kuchora kivuko cha pundamilia, kutengeneza njia ya waenda kwa miguu. Akaenda mjini kuuliza. Akaambiwa alete andiko. Akamwomba mwalimu amwandikie, andiko likarudi, halina muhuri wa kitongoji. Akapata muhuri, likarudi, wananchi watachangia nini? Akazunguka nyumba kwa nyumba akiomba watu waahidi mawe na mchanga. Ikapita masika, ikapita vuli, ikaja masika nyingine. Watu wakamcheka, wakambandika jina, Mama Ruzuku.

Aliyemcheka kuliko wote ni kijana mmoja mkulima wa tangawizi, jina lake Mbonea. Kila akipita na gunia mgongoni alikuwa akimuuliza kama wafadhili wameshafika au bado wanafunga kamba za viatu. Mama Nakiete anageuza mahindi yake tu.

Hata siku moja simu ikalia. Ombi limependwa, ila wageni watakuja kwanza kuiona barabara kwa macho yao. Wakiiona hatari, ruzuku itatoka. Wasipoiona, itakwenda kijiji kingine. Mama Nakiete alikaa chini palepale kando ya jiko lake, akacheka, akalia, mahindi yakaungua, na wala hakuyajali.

Sasa hapa ndipo watu wa Mvungwe walipofanya jambo ambalo wao tu wangelifanya. Au tuseme sisi sote, maana mimi ningekuwa kule ningefanya vilevile, na wewe Mama Shedraki usijifanye huko.

Mwenyekiti wa kitongoji alikuwa Mzee Senkondo, mtu msafi, mtu wa heshima zake, asiyependa aibu hata ya jirani. Kwake mgeni ni mgeni, na mgeni hakaribishwi kwenye uchafu. Aliposikia wageni wanakuja kutazama barabara, alichukua pembe akaipuliza. Msaragambo! Mnaujua, pembe ikilia kila nyumba inatoa mtu na jembe lake, na asiyetoka anatozwa faini. Wakatoka. Wakafyeka majani kando ya lami. Wakaziba mashimo kwa kifusi, wakashindilia. Wakachukua mafagio wakafagia lami. Lami jamani, lami ya serikali, wakaifagia kama ukumbi wa harusi. Mbuzi wakafungwa. Vijana wa bodaboda wakaambiwa wasionekane. Mwalimu akatangaza darasani kwamba siku ya wageni hakuna mtoto kutoka shuleni mpaka wageni waondoke.

Mtu mmoja tu hakutoka, yule Mbonea. Alisema ana tangawizi ya kuvuna, mnunuzi hasubiri, faini atalipa.

Na Mama Nakiete? Yeye aliliona kosa. Alimwendea Mzee Senkondo nyumbani kwake, akamwambia kwa adabu zote, "Baba Mwenyekiti, hawa wanakuja kuiona hatari. Tukiificha, wataona nini?"

Mzee akamjibu kwa ule upole wa kufunga mazungumzo. Akamwambia, "Mwanangu, tuwapokee kwanza kama watu. Wakishashiba tutawaeleza yote."

Kisha akamwomba mambo mawili. Kwanza, siku hiyo asisimame kando ya lami na ufito wake, maana wageni watadhani ni ombaomba. Pili, asaidie jikoni, kwa sababu pilau yake inajulikana. Mama Nakiete akakubali. Na wanawake walipokuwa wakipamba lango la wageni, lango la matawi na vitambaa vya rangi, lililosimamishwa palepale watoto wanapovukia, wakamwomba na kile chake chekundu, kinang'aa vizuri. Akakifungua kwenye ufito, akakitoa. Kwa mkono wake mwenyewe akakitoa. Likumbukeni hilo.

Wageni wakaja. Mkubwa wao alikuwa Bi Tunu, mama wa miwani, mtaratibu. Dereva wao alikuwa Lusajo, mtu wa Tukuyu, aliyeliendesha gari la shirika miaka na miaka bila mkwaruzo. Bi Tunu akatembezwa barabarani. Akatazama juu, akatazama chini, akasubiri. Likapita lori, polepole. Likapita basi, polepole, na kondakta akapunga mkono. Kumbe vijana wa Mzee Senkondo walikuwa wamesimama kule konani, wanawaomba madereva wapunguze kwa heshima ya wageni. Wallahi nawaambia, siku ile hata kuku angevuka barabara ile akiwa amefumba macho.

Wakapanda kwa Mzee Senkondo, nyumba yake ilikuwa juu karibu na kona, wakala. Bi Tunu akaisifu pilau. Mzee alipoona wameshiba akaanza kueleza habari za hatari, kwa kirefu, na majina ya marehemu. Yule mama akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema anawapa pole nyingi, lakini atakwenda kusema alichokiona, na alichokiona ni barabara salama kuliko nyingi alizotembelea.

Jikoni Mama Nakiete alisikia kila neno. Akaweka mwiko chini. Machozi yakamdondokea kwenye karai la vyombo, na wenzake wakajifanya wanapanga sahani.

Wageni wakaaga, wakaingia garini. Vijana wa konani walikuwa wameshaacha zamu yao, wamekuja kugombania ukoko.

Tuwaache hapo, twende shuleni. Mwalimu alikuwa ametangaza kwa mdomo, si ndiyo? Watoto wote wakasikia isipokuwa mmoja. Ilipofika saa ya kwenda nyumbani, Nakiete aliwaona wenzake wamekaa tu wanacheza, akawashangaa, akachukua mkoba wake akaondoka kama siku zote. Akafika kando ya lami. Akamtafuta mama yake, hayupo. Akakitafuta kitambaa, akakiona. Kiko juu ya lango, kinapepea. Kitambaa juu, vuka. Mtoto akavuka.

Na gari la wageni linateremka. Barabara laini, imefagiwa. Hakuna shimo, hakuna mbuzi, hakuna bodaboda, na majani yamefyekwa mpaka unaona mbali. Mguu wa Lusajo ukalala kwenye mafuta, wala mwenyewe hakujua.

Mbonea alikuwa anatoka shamba na gunia lake. Akaona gari, akaona mtoto. Apige kelele? Apige kelele nani asikie? Akalitupa gunia, akakimbia, akamsukuma Nakiete mpaka mtaroni. Gari likampata yeye kwenye mguu. Tangawizi zikatapakaa kwenye lami iliyofagiwa, na watu wa Mvungwe wakateremka mteremko ule wakikimbia, na mbele ya wote ni Mama Nakiete, mikono ina mafuta ya pilau.

Mtoto alichubuka kiwiko, basi. Mbonea mguu ulivunjika vibaya. Walimtibu, ukaunga, lakini ukaunga umepinda, na hadi leo anatembelea mkongojo.

Polisi wa barabarani akaja, akauliza. Ndani ya gari kulikuwa na mgeni mmoja aliyeanza kusema mtoto aliruka ghafla. Na nani angebisha? Mtoto hasikii, hawezi kujitetea, lawama yote ingemwangukia mama yake, aliyemwacha avuke peke yake. Watu wa Mvungwe wenyewe walikuwa wameshaanza kutikisa vichwa. Lakini Lusajo alisogea mbele.

"Mtoto hakuruka," alisema. "Alivuka kama mtu aliyeitwa. Mimi ndiye niliyekuwa kasi, na sikujua kama niko kasi. Andika hivyo afande."

Afande akaandika hivyo. Lusajo akanyang'anywa leseni, na shirika likamwachisha kazi. Bi Tunu alikwenda kwa wakubwa wake akawaambia barabara aliyoiona salama ilitaka kuua mtoto chini ya gari lake mwenyewe, na dereva wake, asiyekuwa mzembe, amekiri kwamba mteremko ule unamlaghai mtu. Wakubwa wakakubali. Ruzuku ikatoka.

Matuta yakajengwa. Kivuko kikachorwa, cheupe, kizuri. Njia ya miguu ikatengenezwa kwa mawe na mchanga ulioahidiwa, na safari hii pembe ilipolia hakuna aliyetozwa faini. Likabaki jambo moja. Ruzuku ilikuwa na kazi ndani yake, kazi ya mtu wa kusimama pale kivukoni asubuhi na mchana, avae kizibao kinachong'aa, ashike bendera nyekundu, alipwe kila mwezi. Kazi kwa kijiji kama kile si mchezo, nyumba nzima inasimama kwayo. Na mtu awe mmoja.

Wewe hapo nyuma unasema wapokezane. Nilijua utasema, una uso wa kupokezana. Hata kule waliuliza. Bi Tunu akakataa. Akasema wakiwa wawili, siku mtoto akigongwa kila mmoja atasema alidhani ni zamu ya mwenzake. Awe mmoja, watoto wamzoee, na madereva wamjue.

Wakakutana darasani, Bi Tunu naye akiwapo, siku moja kabla ya shule kufunguliwa. Bendera ikawekwa mezani. Nakiete aliketi dawati la mbele, anatazama midomo ya watu inavyokwenda.

Akasimama Mama Nakiete. Hakupandisha sauti. "Kazi hii nimeifanya kabla haijaitwa kazi," alisema. "Ruzuku hii nimeitafuta mpaka mkanipa jina lake. Nilisimama bila mshahara mkaona sawa. Leo mshahara umekuja, ndiyo mnauliza nani asimame?"

Watu wakaguna kukubali. Lakini palitokea mwanamke mmoja, mwenye mdomo kama wangu, akamuuliza siku ile alikuwa wapi, na kitambaa kilikuwa wapi. Mama Nakiete akasema, "Nilikuwa jikoni. Kitambaa nilikitoa mwenyewe. Nilijua ni kosa na nikakitoa." Akaketi, akajifunika uso kwa kanga.

Akasimama Mbonea, kwa mkongojo wake. Alisema ukweli kwamba alimcheka huyu mama kuliko mtu yeyote, na kwamba siku ile hakuwa akifikiria ruzuku wala wageni, aliona mtoto tu. "Lakini mguu wangu haurudi," alisema. "Tangawizi ziko mlimani, mlima siupandi tena. Nina mke, nina wadogo wawili wananitazama. Mlima umenishinda, kusimama sijashindwa."

Watu wakaguna tena, wengine wakafuta macho. Ndipo mzee mmoja akamuuliza bila ubaya wowote, siku mtoto mwingine akiingia mbele ya gari, ataruka kwa mguu upi? Mbonea akautazama mkongojo, akaketi.

Akasimama Lusajo. Alikuwa ametoka mjini kwa basi, maana hana tena cha kuendesha. Watu wakanong'ona, huyu si wa hapa, huyu ndiye aliyegonga. Akawaacha wamalize. "Ndugu zangu, ningesema neno moja tu, kwamba mtoto aliruka, leo ningekuwa kwenye usukani na wanangu wangekuwa wanakula. Na nyinyi msingekuwa na tuta hata moja. Nimeendesha maisha yangu yote. Dereva akitokea pale konani, mimi kwa jinsi anavyokuja tu najua kama atasimama au hasimami. Huyu mama hajui hilo, wala huyu kijana."

Hapo nao wakaguna kukubali, kwa sababu ni kweli. Lakini watu waligeuka wakamtazama Nakiete. Tangu Lusajo asimame, mtoto alikuwa ametoka dawatini, amejificha nyuma ya mama yake, amemshika kanga. Lusajo akaona. Akasema polepole kwamba hamlaumu, akaketi.

Wakadhani yamekwisha. Akasimama Mzee Senkondo, amevua kofia. Jamani, mzee yule kuvua kofia mbele ya watu, hakuna aliyewahi kuona. Akasema hadai mshahara. Kosa lilikuwa lake, yeye ndiye aliyeficha kidonda mpaka kikataka kuua mtoto, basi apewe bendera asimame bure mpaka Mungu amchukue, na mshahara apewe mwenye mguu uliovunjika. Bi Tunu akasema haiwezekani, mshahara unakwenda kwa mkono ulioshika bendera. Mzee akasema basi angalau ana pembe, magari yataisikia. Watu wakacheka kidogo, kwa sababu gari linaweza kuisikia pembe, lakini kuna mmoja pale ambaye haisikii. Mzee naye akakumbuka, akakaa.

Walikuwepo hata waliosema kwamba bila msaragambo wa Mzee barabara isingelainika, bila kulainika gari lisingekimbia, bila gari kukimbia ruzuku isingetoka, kwa hiyo mzee ndiye aliyeileta ruzuku. Hiyo ni akili ya mtu aliyekula pilau akashiba. Lakini nawaambia yote kama yalivyosemwa, msije mkasema nimeficha.

Wakabishana. Huyu anasema mwenye jasho, huyu anasema mwenye mguu, huyu anasema mwenye ukweli. Huyu anasema tusiangalie jana, tuangalie kesho, nani atawavusha watoto salama. Mwingine anamjibu kwamba mtu akitoa mguu wake halafu tukamwambia asante, tunaangalia kesho, basi siku nyingine hakuna atakayeruka. Mama Nakiete hajainua kichwa. Mbonea anasugua goti. Lusajo anatazama mlango, nadhani alikuwa anafikiria nauli ya kurudi. Jua likageuka dirishani na neno halijapatikana.

Nakiete yeye hakusikia hata moja ya hayo. Aliona midomo tu, na nyuso zimekunjamana. Akamwachia mama yake kanga. Akaenda mezani, akaichukua ile bendera. Akakikagua kitambaa chake, akakishika kama anavyoshika mama yake. Kisha akarudi nyuma mpaka ukutani, akageuka akawatazama wote, akaiinua juu.

Ubishi ukakatika palepale. Maana kila mtu wa Mvungwe anaijua maana yake, na mtoto yule hana lugha nyingine. Kitambaa juu, vuka. Ni salama, njoo.

Basi wakanyanyuka. Mama yake akanyanyuka, macho mekundu. Mbonea akanyanyuka, mkongojo ukagonga dawati. Lusajo akanyanyuka, kisha akasita, akaogopa kumtisha mtoto, lakini hakuketi. Na Mzee Senkondo nyuma kabisa, kofia mkononi, naye akanyanyuka. Na mtoto amesimama pale, hamwiti mmoja wala hamkatai mmoja, anawatazama wote wanne kwa zamu, na mkono wake mdogo unaanza kuchoka.

Mimi naishia hapo, kwa sababu hapo ndipo mume wangu na mimi tulipogombana. Naona fundi anarudi na mkanda begani, kwa hiyo semeni upesi kabla mashine haijanguruma. Na msinijibu kama watu wa foleni. Nijibuni kama huyo mtoto ni wenu, na kesho asubuhi anakwenda shule, na magari yanatoka konani.

Bendera iko juu, watu wanne wamesimama. Je, nani aipokee?